Mgongo Uliokanyagwa Kibirizi

Nyie mnaobeba pale Kibirizi sasa hivi, mnaoshusha salfeti za dagaa na madumu ya mawese kutoka kwenye maboti, nawaandikia nyie. Wenye maduka wasome wakitaka, lakini sio wao ninaosema nao. Mimi niliishia darasa la nne. Haya nimeandika kwa mkono wangu kwenye daftari la binti yangu Zuhura, na yeye kanirekebishia herufi tu. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Nimebeba miaka ishirini na sita. Sasa nina hamsini na tatu na mzigo wangu mkubwa ni kopo la maji ya kuogea. Saratani ilianzia kwenye tezi dume ikapanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Mkiniona napita na fimbo mnasemezana, "Mzee Yasini kamalizwa na mizigo." Nawasikia, masikio hayajaugua. Mizigo haikunimaliza. Ningekuwa na mizigo tu ya kulaumu ningenyamaza, kwa sababu gunia halina nia mbaya na mtu. Ila kuna watu, na nitawataja kwa majina yao. Wao walinitaja mimi kwa sauti mbele ya watu.

Wa kwanza ni Maulidi Rusimbi, kiongozi wa kundi letu. Huyo niseme haki yake kabla sijasema ubaya wake, maana ndiye aliyenifundisha kazi.

Nilitoka Mwandiga na shingo nyembamba kama ya kuku wa mdondo. Siku ya kwanza nilibeba salfeti moja nikaanguka nayo majini, wanawake wenye dagaa wakacheka mpaka wakaketi. Maulidi hakucheka. Akanikalisha, akanisukia ngata ya kitenge kibovu, akaniambia mzigo haubebwi na shingo, unabebwa na pumzi. Unavuta hewa kabla hawajakutwisha, unaitoa ukishasimama sawa. Kwenye ubao wa kushukia botini usiangalie mguu wako, angalia pale hatua ya tatu itakapokanyaga. Ukiangalia mguu, unaufuata mguu majini. Hayo mpaka leo ni kweli, yashikeni.

Akanifundisha na alama. Kila mwenye mzigo ana alama yake juu ya salfeti, huyu duara, huyu herufi mbili, huyu mistari mitatu na nukta. Boti lina maji, salfeti zinasuguana, alama zinafifia. Maulidi alikuwa akisema, "Alama ndiyo mdomo wa gunia. Ikifutika gunia linakuwa bubu, na gunia bubu lina wenyewe wengi." Kwa hiyo mchukuzi wa Kibirizi anayejua kazi anatembea na makapeni, kalamu ya wino mzito, nyuma ya sikio. Ukikuta alama imefifia, unaichora upya kabla hujaukabidhi mzigo. Hungoji kuambiwa. Asiyechora ni mvivu, na mzigo ukipotea wanamtazama yeye. Mimi nilikuwa na mkono mzuri sana wa alama. Akina mama walikuwa wananiita kutoka boti lingine, "Yasini, njoo uniandikie, huyu wangu anachora kama kuku kapita."

Jambo la tatu alilotufundisha ni kukanyagana.

Hili mnalifanya hata leo, najua. Kazi ikiisha unalala kifudifudi juu ya salfeti tupu, mwenzako anashika nguzo ya banda ili asikulalie uzito wote, anapanda mgongoni, anatembea taratibu kutoka kiunoni kwenda mabegani, kisigino kwanza halafu vidole. Mifupa inalia ka, ka, ka. Watu wanatania. Ukiinuka unajisikia umezaliwa asubuhi hiyo. Sidanganyi, kwa mwili uliochoka ilikuwa inasaidia. Na miguu ya Maulidi ilikuwa inatafutwa kuliko dawa.

Sasa sikilizeni tofauti, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Maumivu ya mzigo yanapungua ukilala. Hata kama ulibeba kama punda, ukijinyoosha yanashuka. Yangu yalianza katikati ya mgongo, usawa wa kati ya mabega, na nikilala yalizidi. Nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Mke wangu Mwamvua akaniuliza, "Wewe siku hizi unalinda nini?" Nikamwambia mgongo wa kazi.

Kulikuwa na jingine nililomficha hata yeye. Mkojo ulikuwa unanisumbua, unakuja kila saa, ukija unatoka kwa kubembelezwa. Mwanamume wa Kibirizi anasema habari ya mkojo wake kwa nani? Nilimwambia mtu mmoja, na huyo ndiye wa pili katika majina yangu: Sospeta, mwenye duka la dawa kule Buzebazeba, mtaani ninakoishi.

Sospeta alikuwa na koti jeupe na hakuwa na neno "sijui" mdomoni. Akanichoma sindano. Zilipoisha akanipa vidonge, vilipoisha akarudia sindano. Miezi minane. Nilimuuliza, tena mbele ya watu, "Daktari, nisiende hospitali?" Nilikuwa namwita daktari, Mungu anisamehe. Akasema, "Mzee Yasini, ukapange foleni ya kutwa nzima kwa ajili ya mgongo? Nani Kibirizi hana mgongo?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hicho kicheko changu kinaniuma kuliko sindano zake zote.

Halafu ikaja miguu.

Siku moja natoka botini, kijana mmoja akaniita, "Mzee, kandambili yako hiyo nyuma." Nikatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku, na mimi sikujua. Nilikuwa nimetembea hatua kama ishirini juu ya kokoto za mwaloni, pale maboti yanapofikia, bila kuhisi kokoto. Nikamfuata Maulidi bandani, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mguu unakufa ganzi. Na kifuani pananibana kama nimefungwa mkanda."

"Ganzi ni damu imelala," akasema. "Lala nikukanyage."

"Leo panauma sana, kaka. Leo hapana."

Maulidi akageuka kwa watu. "Jamani, Yasini siku hizi anabebwa na mkewe." Banda zima likacheka.

Nikalala, kwa sababu ya kile kicheko. Nyie mtasema mngekataa, lakini nawajua, mngelala tu.

Alipofika katikati ya mgongo niliguna. Nikasema, "Inauma, Maulidi, shuka." Akasema, "Hapo hapo ndipo penyewe," akakaza kisigino. Mifupa haikulia ka, ka, ka. Ililia mara moja tu, kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya kitambaa chenye maji. Moto ukazunguka kifua changu mbele na nyuma. Niliposimama, miguu ilikuwa chini yangu lakini kama nimeiazima. Nikaanguka kwenye nguzo. Kesho yake nilipofika nimeshikilia ukuta, Maulidi akaniambia, "Nenda kapumzike, Yasini. Hili kundi sio wodi." Akamweka mtu mwingine mahali pangu muda huo huo.

Miaka ishirini na sita, na nikaagwa kwa neno hilo.

Mwamvua hakuniuliza tena. Alinipeleka hospitali ya pale mjini siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa kijana, nilimdharau nilipomwona. Lakini yeye ndiye wa kwanza kuniuliza maswali. Ukilala inazidi au inapungua? Mkojo je? Akanigongagonga magoti kwa kinyundo, akanikwaruza nyayo, akanipima damu ya tezi dume, akanipiga eksirei. Picha aliiinua kwenye mwanga. Pingili moja ya uti ilikuwa imelika kama muhindi ulioingiwa na dumuzi.

Alituambia ukweli, na nitamshukuru kwa hilo mpaka nizikwe. "Saratani imefika kwenye mfupa, na mfupa uliobonyea unaminya uti wa mgongo. Huyu anatakiwa apate mionzi Mwanza haraka. Mionzi inakipunguza hicho kivimbe ili uti upumue. Lakini mnisikie vizuri. Anayefika kwenye mashine bado anatembea, mara nyingi anabaki anatembea. Anayefika miguu imeshakufa, mionzi itamtuliza maumivu, ila miguu mara nyingi hairudi."

Mwamvua akauliza, "Tuna siku ngapi?"

"Msihesabu siku, mama. Hesabuni masaa."

Nilikuwa bado naweza kusimama nikishikwa. Hapo ndipo nilipoijua hofu. Sikuogopa kufa, kufa kila mtu anako. Niliogopa kuwekwa chini nisiinuke tena, nipinduliwe kama salfeti na mke wangu mpaka mwisho wa siku zangu.

Wakanipa vidonge vya kupunguza uvimbe na barua ya rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Bigirimana ndiye aliyetuokoa. Huyu alikuwa mchukuzi mwenzetu, mtu wa asili ya Burundi aliyekulia kambini, mpole, ambaye Maulidi alikuwa akimpa mizigo iliyovuja. Alimjua mwenye gari la Noah aliyekuwa akipeleka wafanyabiashara wa vitenge. Wakang'oa viti vya nyuma. Nesi alikuwa amesema nisikunjwe, nisikalishwe, nigeuzwe mwili mzima kwa pamoja. Bigirimana akawaambia wenzake watatu, "Mmesikia? Tunambeba kama kioo cha kabati." Wakaleta ubao wa boti, wakanitelezesha juu yake, mmoja kichwani, wawili ubavuni, mmoja miguuni, wakaninyanyua kwa pumzi moja. Wachukuzi ni watu wa ajabu. Hospitali zingewaajiri.

Walipokuwa wananiingiza garini mmoja akasema, "Salfeti hii haina alama. Ya nani?"

Mwamvua akajibu, "Yangu. Na isiloane."

Bigirimana alisafiri na sisi. Kila tuta likija alikuwa anaweka viganja vyake chini ya mabega yangu na kusema, "Ihangane, mzee," yaani vumilia, kwa lugha ya kwao. Kutoka Kasulu mpaka tunaingia Mwanza sijui alisema mara ngapi. Njia nzima nilikuwa nachezesha kidole gumba cha mguu, kushoto, kulia, kuhakikisha kama bado vipo.

Vilikuwepo. Niliingia chumba cha mionzi nimeshikwa kwapa mbili, lakini nyayo zilikuwa chini.

Nyie mnaogopa mionzi kwa sababu mnasikia "kuchomwa". Nami niliogopa. Unalala kwenye meza ngumu, mashine kubwa inakuzunguka, wanatoka wote na kufunga mlango mzito. Nikakaza meno nikingoja moto. Kimya, halafu mlio mdogo, kimya tena. Mtaalamu akarudi, dada mmoja mfupi wa Bukoba tuliyemwita Dada Koku, akasema tayari. Nikamuuliza kama umeme umekatika.

Kabla ya hapo alikuwa amenipima kwa muda mrefu, akanichora kwa wino msalaba mdogo kifuani na mstari kila ubavu. Nikamwambia, "Dada, mimi Mwislamu."

"Mashine haina dini, baba. Inatafuta mstari tu." Akaniambia mistari nisiisugue, nisiipake mafuta wala sabuni, nioge chini yake. "Na ukiona inafifia, utuambie."

Nilipangiwa siku kumi. Siku mbili za mwanzo maumivu yalizidi, nikadhani nimeuawa, lakini walikuwa wameshatuonya kuwa yanaweza kupanda kabla ya kushuka. Siku ya nne nililala usingizi chali kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi. Ijumaa nilisimama mwenyewe nikahesabu mpaka thelathini. Mwamvua akalia. Mimi nikavimba kichwa.

Sasa namtaja wa tatu.

Jumamosi na Jumapili hakukuwa na mionzi. Tulifikia kwa mjomba wa Mwamvua, chumba cha bati, joto la Mwanza mnalisikia. Nikatoka jasho siku nzima. Jumapili mchana nikatazama ubavu wa kushoto, mstari umebaki nusu. Msalaba wa kifuani ulikuwa kama kivuli. Nikakaa kitandani, nikamwambia Mwamvua, "Niletee makapeni."

"Si walisema tuwaambie?"

"Niwaambie nini? Nimechora alama miaka ishirini na sita. Mzigo haukabidhiwi na alama iliyofifia."

"Yasini, hili sio gunia."

"Lete makapeni, mama Zuhura."

Akaleta. Msalaba nilichora mwenyewe kwa kutumia kioo cha kunyolea. Ubavuni alichora yeye, mimi nikimwelekeza, panda, shuka, hapo. Ilitoka mizuri, imenyooka kuliko ya kwao. Nililala nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Jumatatu Dada Koku alinifunua shati. Akasogeza taa. Akainama.

"Nani amechora hapa?"

"Mimi, dada. Ilikuwa imefifia." Nikamweleza desturi yetu ya Kibirizi, tena kwa majivuno, nikingoja anisifu.

Akaweka kidole chake juu ya mstari wangu, halafu chini yake mahali palipokuwa na wino wa zamani, kivuli tu. "Baba, ulichora umekaa?"

"Nimekaa."

"Ngozi ya mtu aliyekaa haiko mahali pamoja na ngozi ya mtu aliyelala. Gunia halipumui, baba, wewe unapumua. Mstari wako umesogea upana wa kidole kizima. Ningefuata mstari wako, leo ningechoma sehemu ya mfupa mzima na kuiacha sehemu ya mbovu."

Mtu ananielekeza kazi ya alama, mimi.

Siku hiyo sikupigwa mionzi. Ilibidi nipimwe upya mwanzo mpaka mwisho, na mbele yangu kulikuwa na wagonjwa ambao hawakuwa wamechezea mistari yao. Zikapita siku mbili. Katika hizo siku mbili mguu wa kushoto ukaniacha. Jumanne jioni nilitaka kuuinua kitandani, ukakaa kimya. Nikautazama. Nikauita kwa jina langu, kama mwendawazimu. Mwamvua aliushika mikononi mwake na hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Huko kitandani nilikuwa namtafuta Maulidi nimtupie na lawama ya huo mguu. Namtafuta Sospeta. Nimewatukana sana hao wawili maishani mwangu, na nawatukana bado, wana makosa yao. Lakini mguu ule haukuwa wao. Jina la tatu ni Yasini. Daktari wa pale alinifariji, akasema huenda ungedhoofika tu hata bila hizo siku mbili, hakuna ajuaye. Alikuwa mtu mwema. Mimi najua nilichojua.

Jumatano nikarudi mezani. Safari hii mstari ukififia kidogo tu nilikuwa namwita Dada Koku kama mtoto anayeita mama yake. Nilipomaliza siku zangu, kidole gumba cha kushoto kilicheza. Wiki mbili mbele nikainua kisigino. Nilitoka Mwanza nikitembea kwa fimbo, na mguu wa kulia mzima.

Msije mkasema Mzee Yasini alipona. Saratani hawakuiondoa, wameituliza. Nachomwa sindano ya hospitali kila miezi mitatu, na ugonjwa bado uko kwenye mifupa, siku moja utaamka. Mionzi ilinipa usingizi na miguu. Kwa mtu ambaye alikuwa anahesabu masaa, hiyo ni zawadi kubwa mno. Kwa hiyo wewe unayesoma hapo, kama mgongo wako unazidi ukilala, kama mguu unasahau kokoto, kama mkojo umebadilika na kifua kinabana kama mkanda, usimwambie kiongozi wa kundi, wala usimwambie mwenye duka. Mwambie mkeo, uende hospitali leo. Na mgongo wa namna hiyo asiupande mtu, hata akiwa na miguu ya dhahabu.

Mwaka jana Maulidi alikuja Buzebazeba. Alikaa kwenye kiti cha uani, kofia mkononi, amekonda. Mwamvua akampa chai, kwa sababu yeye ni muungwana kuliko mimi.

"Sikujua, Yasini," akasema. "Mimi ningejuaje kilicho ndani ya mfupa?"

"Kilicho ndani hukujua. Nilichosema ulikisikia. Nilisema inauma, shuka."

Akazungusha kofia. Kuku walipita kati yetu. Akasema siku hizi yeye hamkanyagi mtu kabla hajamuuliza, ukilala inazidi au inapungua, kwamba Bigirimana alimweleza. Wawili ameshawarudisha, amewaambia waende hospitali.

"Umefanya vizuri," nikasema.

"Nisamehe basi."

Nilifikiri. Nilijaribu kweli, wanangu, nililitafuta neno hilo ndani yangu kama mtu anayepapasa ufunguo. "Sijaweza," nikamwambia.

"Haya," akasema, akasimama.

Mgeni haachwi aondoke peke yake, hata mgeni wa namna gani. Mwamvua alinitazama tu. Nikachukua fimbo, nikainuka, nikamsindikiza. Tukapita ua wa jirani, tukapita kisima. Nikaona anapunguza mwendo anifuate mimi.

"Tembea kawaida," nikamwambia.

Akatembea kawaida, nami nikajitahidi. Penye mti wa mchikichi alisimama. "Rudi sasa, umefika mbali."

"Bado," nikasema.

Tukaenda mpaka kwenye lami. Akanipa mkono, nikaupokea. Akapanda bodaboda akaenda zake. Nami nikageuka nikarudi nyumbani peke yangu, taratibu, kwa miguu miwili, mmoja mzuri na mmoja wa hivyo hivyo.